Shukrani ya Punda na Bei ya Mchezaji Anayehama

Kila mwaka, fainali kuu ya mpira wa Kanuni za Australia ikishachezwa jijini Melbourne, huanza shindano jingine lisilo na refa. Ni msimu wa kuhama. Katika siku chache za Oktoba klabu hubadilishana wachezaji, na mashabiki huketi kitako kupima. Huyu anayeondoka alikuwa na thamani gani? Alistahili mshahara aliolipwa? Tumepata hasara au tumepona? Tumkumbuke kama shujaa au kama msaliti? Mabishano hayo huwa marefu na makali kuliko mechi zenyewe, na kila mmoja huyaingia akiwa na takwimu mkononi.

Nimeyafuatilia mabishano hayo kwa muda, si kwa sababu mchezo huo unachezwa kwetu, bali kwa sababu yanaonyesha waziwazi, kuliko vitabu vingi vya nadharia, jinsi jamii inavyojizoeza kumpangia mtu bei. Hoja yangu ni moja, nami naitamka mapema ili anayetaka kuipinga ajue pa kuanzia: mjadala wa thamani ya mchezaji anayehama haumhusu mchezaji. Ni mjadala wa nani anamiliki kazi ya mtu na miaka yake. Nao umepangwa kwa namna ambayo anayeulizwa maswali ni aliyefanya kazi, na asiyeulizwa ni aliyeipangia bei.

Msomaji aliyezoea soka atahitaji maelezo kidogo. Ligi kuu ya mchezo huu, AFL, ina klabu 18. Mpira una umbo la yai, uwanja una umbo la yai, na kila upande huingiza watu 18. Lakini tofauti iliyo kubwa kuliko zote haiko uwanjani, iko katika sheria za ajira. Huko klabu hazinunuliani wachezaji kwa ada ya uhamisho. Kijana anayetaka kuingia ligi kuu hujiandikisha katika uteuzi wa mwaka, na klabu huchagua kwa zamu, iliyoshika mkia ikitangulia. Kijana wa miaka 18 aliyekulia Perth anaweza kulala kwao na kuamka akiwa wa klabu ya Sydney, upande wa pili wa bara, bila yeye kuulizwa. Jumla ya mishahara ya kila klabu ina kikomo. Klabu mbili zikibadilishana, malipo huwa ni mchezaji mwingine, au zamu ya kuchagua katika uteuzi ujao. Ni mwishoni mwa msimu wa 2012 tu ndipo ulipoanza utaratibu wa mchezaji kuwa huru kuhama mkataba wake ukiisha, na hata huo, kwa kawaida, humtaka kwanza awe ameitumikia klabu moja kwa misimu minane.

Sheria hizi zina shabaha njema, nami sizibezi. Zinazuia klabu tajiri kuhodhi vipaji vyote, na zimeifanya ligi hiyo iwe na mabingwa wengi tofauti kuliko ligi nyingi za soka za Ulaya. Lakini ni vyema tuseme ukweli wote: usawa wa klabu umegharimiwa na uhuru wa wachezaji. Mtu hachagui mwajiri wake wa kwanza, hachagui mji wake, na haki ya kuondoka huipata akiwa tayari ametumia sehemu kubwa ya miaka ambayo mwili wake unaweza kuuzika. Anapoitumia haki hiyo hatimaye, ndipo mashabiki wanapoitisha mizani.

Tuitazame mizani yenyewe. Mwaka 2013 Lance Franklin, ambaye Waaustralia humwita Buddy, aliondoka Hawthorn baada ya kufunga magoli 580 katika mechi 182 na kutwaa ubingwa mara mbili, mwaka 2008 na mwaka huohuo wa 2013. Alikwenda Sydney Swans kwa mkataba wa miaka tisa wenye thamani ya takriban dola milioni 10 za Australia. Hawthorn, kwa mujibu wa kanuni, ilipewa fidia: zamu ya 19 katika uteuzi wa mwaka huo. Mashabiki wa pande zote walianza kuhesabu, na hawakumaliza kwa miaka kumi.

Wa Hawthorn walisema wameshinda wao, kwa kuwa timu ilitwaa ubingwa mwaka 2014 na 2015 bila yeye, na ule wa 2014 iliupata kwa kuifunga Sydney yenyewe. Wa Sydney walisema wameshinda wao, kwa kuwa viwanja vilijaa, mkataba uliodhaniwa kichaa aliutumikia hadi mwisho, na Machi 2022 alipofunga goli lake la 1,000 maelfu ya watu walimiminika uwanjani kumzunguka. Wengine wakakumbusha kwamba akiwa Sydney alicheza fainali kuu tatu, 2014, 2016 na 2022, na zote akashindwa. Kila hoja kati ya hizo ni ya kweli. Hapo ndipo penye kasoro. Mizani ambayo mtu yuleyule akiwekwa juu yake humwonyesha kuwa hasara na faida, shujaa na mzigo, haipimi chochote. Inamrudishia mpimaji kile alichokuja nacho.

Na kuna jambo ambalo mizani hiyo haina kijiwe cha kulipimia. Septemba 2015, timu ikiingia hatua ya mwisho ya mashindano, Sydney ilitangaza kwamba Franklin hatacheza kwa sababu ya matatizo ya afya ya akili. Kwa lugha ya wahesabuji, hizo zilikuwa mechi zilizopotea, gharama isiyozalisha. Kwa lugha ya binadamu, alikuwa ni mtu aliyekuwa mgonjwa na akasema.

Kisa cha Tom Boyd kinalieleza hili vizuri zaidi. Mwaka 2013 alikuwa kijana wa kwanza kuchaguliwa katika uteuzi wa nchi nzima. Mwaka mmoja baadaye, akiwa na miaka 19, aliondoka Greater Western Sydney na kujiunga na Western Bulldogs kwa mkataba wa miaka saba uliokadiriwa kuwa wa dola milioni 7. Tangu siku hiyo jina lake halikutajwa bila tarakimu hiyo kulifuata. Akikosa, aliambiwa gharama ya kukosa kwake. Mwaka 2016 alifunga magoli matatu katika fainali kuu, na Bulldogs ikatwaa ubingwa wake wa kwanza tangu 1954. Wengi wakatangaza kwamba deni sasa limelipwa. Mei 2019, akiwa na miaka 23, alistaafu na kuziacha fedha zilizokuwa zimebaki katika mkataba, akieleza kwamba afya yake ya akili na mwili haikumruhusu kuendelea. Mashabiki wakarejea kwenye swali lao: je, fainali moja ina thamani ya dola milioni 7?

Natamani msomaji alitazame swali hilo kwa makini. Boyd hakukaa mezani peke yake akajiandikia mkataba. Waliouandika ni watu wazima wenye vyeo, wanasheria na mahesabu, waliomtaka kijana ambaye alikuwa hajafikisha hata mechi kumi. Kama bei ilikuwa kubwa mno, ilikuwa kubwa mno kwa uamuzi wao. Lakini tarakimu ilibandikwa mgongoni mwake yeye, naye ndiye aliyelala nayo na kuamka nayo. Hii ndiyo kazi ya siri ya mjadala wa thamani: huhamisha lawama ya uamuzi kutoka kwa aliyeamua na kuitwika kwa aliyeamuliwa.

Kuna methali ambayo kila Mswahili huitoa mfukoni mtu anapoondoka mahali alipolelewa: shukrani ya punda ni mateke. Mashabiki wa Australia hawaijui kwa maneno, lakini wanaijua kwa maana. Klabu ilimchukua akiwa chipukizi, ikamlisha, ikamfundisha, ikamtibu, leo anaipiga mateke. Mimi nauliza jambo dogo tu kuhusu methali hiyo: punda ni nani? Katika uhusiano wa mchezaji na klabu, anayebeba mzigo ni yupi? Magoti yanayochakaa ni ya nani? Ubongo unaotikisika kwa kugongana ni wa nani? Kama punda ni yule aliyebeba, basi itatubidi tuyatafute mateke upande mwingine.

Na tukiyatafuta tutayapata. Mwishoni mwa 2020 klabu ya Collingwood ilijikuta imebanwa na kikomo cha mishahara, kwa mikataba ambayo viongozi wake wenyewe walikuwa wameitia sahihi. Ikaamua kupunguza mzigo. Miongoni mwa walioondolewa alikuwa Adam Treloar, aliyekuwa na mkataba hadi 2025 na ambaye alisema hadharani kwamba hakutaka kuondoka. Kanuni humtaka mchezaji mwenye mkataba akubali ndipo ahamishwe, na hatimaye alikubali; lakini kila aliyewahi kuambiwa na mwajiri wake kwamba hatakiwi anajua kukubali kwa namna hiyo kuna uzito gani. Akaenda Western Bulldogs, huku Collingwood ikiendelea kumlipa sehemu ya mshahara ili achezee wengine. Mwaka 2024 alitajwa katika kikosi cha All-Australian, yaani orodha ya wachezaji bora wa msimu.

Mashabiki wengi wa Collingwood waliumia, na hilo ni la kuwapongeza. Lakini angalia msamiati. Klabu inapovunja ahadi kwa mchezaji, huitwa hesabu, mkakati, ugumu wa biashara. Mchezaji anapomaliza mkataba wake hadi siku ya mwisho kisha akaenda kwingine, huitwa usaliti. Uaminifu unadaiwa upande mmoja tu. Uaminifu wa upande mmoja si uaminifu. Ni utii, na tuuite hivyo.

Sasa nije kwa mtu ambaye safari yake inatugusa sisi kwa karibu zaidi. Aliir Aliir alizaliwa mwaka 1994 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, kwa wazazi waliotoka Sudan Kusini. Kambi hiyo ilikuwa na umri wa miaka miwili tu. Familia yake ilifika Australia akiwa bado mtoto, akaukuta mchezo ambao hakuna mtu Kakuma aliyekuwa akiucheza. Mwaka 2013 Sydney Swans ilimchagua kwa zamu ya 44. Alichezea timu hiyo zaidi ya mechi 60, akiingia na kutoka kikosini, na mashabiki walibishana: ana kipaji lakini hatabiriki, ni beki au ni mtu wa kurukia mipira, tumngoje au tumwache? Mwishoni mwa 2020 Sydney ilimwachia aende Port Adelaide kwa malipo ya zamu moja tu ya duru ya pili katika uteuzi uliofuata. Wengi waliona ni biashara ya haki. Msimu mmoja baadaye, 2021, alikuwa ndani ya kikosi cha All-Australian.

Mtu hakugeuka kuwa mwingine kwa kuhama mji. Mwili ulikuwa uleule, macho yaleyale, akili ileile ya kusoma mpira ukiwa hewani. Kilichobadilika ni kwamba Port Adelaide ilikuwa na pengo linalolingana naye, ikamweka palepale kila wiki. Bei ya Novemba 2020 haikuwa imempima Aliir. Ilikuwa imepima mahitaji ya Sydney. Kiswahili kimetupa maneno mawili, bei na thamani, na si kwa bahati. Bei hupangwa na mwenye kununua na mwenye kuuza. Thamani haiwasubiri.

Lakini hapa nataka tujihadhari, hasa sisi tunaojiita watetezi wa haki. Ni rahisi mno kukichukua kisa hiki na kukigeuza kuwa hadithi tamu: tazameni, mtoto wa kambini ameithibitisha thamani yake. Naikataa hadithi hiyo kwa nguvu zangu zote. Wapo maelfu waliozaliwa Kakuma mwaka uleule ambao hawakuruka juu ya mtu yeyote kudaka mpira, hawakuchaguliwa kwa zamu ya 44 wala ya 444, na ambao hadi leo wanapanga foleni ya mgawo wa chakula. Kama Aliir alistahili heshima kwa sababu ya msimu wa 2021, basi tumekiri kwamba wao hawaistahili. Mkimbizi asiye na kipaji cha kuuzika ana haki zilezile za mkimbizi aliye nacho. Anayesema vinginevyo, hata kwa nia njema, ameshaishika mizani ya wale anaowapinga.

Ubaya wa mizani hiyo huonekana zaidi pale anayeondoka anapokuwa mweusi na anapokuwa na la kusema. Adam Goodes, mzawa wa asili wa Australia, aliichezea Sydney mechi 372, akatwaa ubingwa mara mbili na nishani ya Brownlow, ambayo ndiyo tuzo kuu ya mchezaji wa ligi hiyo, mara mbili. Mwaka 2014 alitangazwa kuwa Mwaustralia wa Mwaka. Kama takwimu zingekuwa ngao, hakuna aliyekuwa na ngao nene kuliko yake. Lakini kwa kuwa alikemea ubaguzi wa rangi hadharani, na kwa kuwa mwaka 2015 alicheza ngoma ya vita ya watu wake baada ya kufunga goli, alizomewa uwanja baada ya uwanja hadi akastaafu mwaka huo bila kukubali gwaride la kuaga. Ligi na klabu zote 18 zilimwomba radhi mwaka 2019. Waliokuwa wakizomea walidai kwamba wanahukumu mchezo wake tu.

Héritier Lumumba naye, ambaye kwa baba ana asili ya Kongo na ambaye jina lake halihitaji kufafanuliwa kwa wasomaji wa lugha hii, aliichezea Collingwood mechi 199 na kutwaa nayo ubingwa mwaka 2010. Aliondoka mwishoni mwa 2014 katika mabadilishano ya klabu tatu. Baadaye akaeleza hadharani kwamba ndani ya klabu alikuwa akiitwa kwa jina la sokwe. Jibu alilolipata kwa wengi halikuwa la kuuliza kama ni kweli. Lilikuwa la kumpima: alikuwa mchezaji wa kiwango gani hasa? Si alikuwa ameanza kushuka? Si klabu ndiyo iliyompa jina? Mtu anasema ametukanwa, naye anajibiwa kwa idadi ya pasi alizopiga. Februari 2021 ripoti ambayo klabu yenyewe iliiagiza ilifichuka hadharani. Ilikuta kwamba Collingwood ilikuwa na ubaguzi wa rangi wa kimfumo, na rais wa klabu akajiuzulu mwezi huohuo. Zilipita zaidi ya miaka sita tangu Lumumba afunge virago. Muda wote huo mjadala wa thamani yake ulifanya kazi ya pazia.

Nitajibiwa kwamba shabiki analipa kiingilio na ada ya uanachama, hivyo ana haki ya kuhukumu. Nakubali, tena nasisitiza. Klabu nyingi za ligi hiyo ni za wanachama. Zilizaliwa katika vitongoji vya Melbourne kama Collingwood na Hawthorn, na huzuni ya mwanachama anapoondokewa na kipenzi chake ni huzuni ya kweli, si ujinga. Mchezo ahukumiwe kama mchezo: alidaka, alikosa, alikimbia, alitegea. Lakini haki ya mwenye kulipa ni kuwahoji wanaozitumia fedha zake. Nani alitia sahihi mkataba huu, kwa hesabu gani? Kwa nini kijana wa miaka 19 alitwishwa tarakimu hiyo bila wa kumshika mkono? Alipougua, alitunzwa vipi? Aliposema ametukanwa, nani alimsikiliza na ni nani aliyemnyamazisha? Akistaafu na magoti mabovu, atatibiwa na nani? Haya ni maswali ya mwanachama. Kuuliza tu kama "tulifaidika naye" ni swali la mchuuzi, na mchuuzi mwenyewe hata si yeye, kwani faida haimfikii.

Wanafunzi wangu na wale wasomaji walio maofisini watanisamehe nikiwageukia. Tabia hii haihitaji mpira wenye umbo la yai. Huonekana pale mtumishi anapoomba uhamisho na mafaili yake yanafunguliwa ghafla kutafuta kasoro ambazo kwa miaka kumi hazikutajwa. Huonekana pale mhadhiri kijana anapopata nafasi bora na wenzake wanaanza kuuliza alichapisha nini hasa. Huonekana pale daktari anapokwenda kufanya kazi ng'ambo na tunamwita msaliti, huku hatumwulizi aliyemcheleweshea mshahara. Aliyebaki hujifariji kwa kumshusha bei aliyeondoka, na aliyesababisha aondoke hupita katikati yetu akiwa hana hata swali moja la kujibu.

Oktoba ijayo klabu za Australia zitakaa tena mezani, na majina mapya yatapangiwa zamu za kuchagua. Mabishano yataanza upya. Sitegemei kwamba mashabiki watayaacha, wala sidai wayaache. Nadai jambo dogo zaidi: kabla ya kuuliza anayeondoka alikuwa na thamani gani, waulize nani aliyeshika kalamu, na wamngoje ajibu.